Tawi la Njia Panda: Tarihi ya Mstari wa Chini

Waandishi wa barua wa Unyanyembe ya kale, nchi ya Tabora hii, walipoketi barazani kumwandikia sahibu wa Unguja juu ya bei ya pembe na upungufu wa shanga, hawakuwa na kitu mbele yao ila karatasi, kalamu ya mwanzi, kidau cha wino na maneno waliyokusudia kuyasema. Lakini mimi niandikaye leo katika kata ya Ntalikwa, mahali palipo ndani ya mipaka ya Manispaa ya Tabora na bado pana sura ya shamba, nina kioo cha kompyuta mbele yangu, na katika ukingo wa chini wa kioo hicho upo mstari mmoja mwembamba ambao sikuuandika mimi, haumo katika habari ninayoitunga, wala hautasomwa na yeyote atakayeisoma kazi yangu, ila hunitazama tangu alfajiri hadi magharibi. Mafundi huuita mstari wa hali. Kazi yake ni kumwambia mwandishi yuko wapi na mashine iko katika hali gani; na tarihi yake, niliyoifuata kwa muda kutokana na haja iliyonipata, ni ndefu kuliko umri wa kompyuta.

Haja yenyewe ilikuwa hii. Kijana mmoja wa jamaa zangu, msomi wa mambo ya kompyuta na mtu wa moyo mkarimu, alinisimikia programu ya kuhariri maandishi iitwayo Vim, akaipamba kwa nyongeza nyingi kama nyumba ya arusi, na alipomaliza, ukingo ule wa chini ulikuwa umegeuka soko: ilikuwapo hali ya programu, jina la faili pamoja na njia yake yote tangu mzizi, tawi la kazi, hesabu ya mabadiliko, aina ya faili, usimbaji wa herufi, namna mistari inavyomalizika, asilimia ya mahali nilipofika, nambari ya mstari, nambari ya safu, idadi ya maneno, saa, na kiasi cha umeme kilichobaki katika betri. Nilivihesabu vikawa 13. Hakikuwamo hata kimoja kilichosema uongo, na bila shaka kila kimoja kina mtu mahali fulani anayekihitaji. Walakini nilijikuta nikisoma asilimia badala ya sentensi, na nikitazama saa pale ambapo fikira ilikuwa karibu kuzaliwa.

Ningeweza kuvifuta vyote siku ile ile. Lakini mtu aliyekulia kando ya njia ya misafara haoni vema kuumwaga mzigo asioujua. Hutaka kwanza kufahamu ulifungwa na nani, wapi, na kwa ajili ya safari gani.

Tabora ni mji uliozaliwa na mizigo. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipowasili Kaze, yaani Tabora ya siku zile, mwezi Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani wakikaa katika matembe yaliyotawanyika baina ya mashamba, na biashara yao yote, pembe za ndovu zikishuka pwani na nguo, shanga na masango zikipanda bara, ilibebwa na binadamu, hususa Wanyamwezi, ambao upagazi kwao ulikuwa kazi ya heshima na ithibati ya utu uzima wa kijana. Mzigo ulipimwa kwa frasila, ambayo ni ratili 35 hivi, na mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikaribia frasila 2, yaani yapata kilo 32 za leo. Mzigo wa nguo uliitwa mtumba, neno ambalo siku hizi tunalisikia minadani kwa maana ya nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo, lakini ambalo asili yake ni bahasha hiyo ya mpagazi: nguo zilikunjwa, zikapangwa, zikashindiliwa mpaka zikawa kama mto mrefu mgumu, kisha zikafungiwa fito ubavuni, ili mtumba usichakae, na ili mwenyewe auinue na kuutua kwa wepesi. Naiona fahari kubwa katika fito zile. Mtu aliyezibuni alifikiri juu ya kile kilichomo ndani ya mzigo, na zaidi ya hapo alifikiri juu ya mgongo wa mwenziwe.

Wapagazi hawakuwa watu wa kutwikwa kila kitu. Walikijua kipimo chao, wakakigombea waziwazi, na tajiri aliyetaka kuongeza sufuria moja hapa na kifurushi kimoja pale juu ya mtumba uliokwisha kutimia aliweza kuona kambi nzima ikikataa kuondoka asubuhi, au kuamka na kukuta mizigo ipo na watu hawapo.

Kisa cha Henry Morton Stanley chaeleza jambo hili kwa tafsili. Alitoka Bagamoyo mwanzoni mwa mwaka 1871 na jumla ya watu 192, waliogawanywa katika makundi 5, wakichukua nguo, shanga, masango, mahema, mashua na vyombo vingi visivyo na idadi. Akafika Unyanyembe mwezi Juni, na huko akakuta vita vimezuka kati ya wafanyabiashara na Mirambo, mtemi wa Urambo, na njia iliyozoeleka ya kwenda Ujiji imezibwa. Alijiunga na upande wa wenyeji wake, wakashindwa vibaya mwezi Agosti. Baada ya hapo, tarehe 20 Septemba, akatoka Kwihara, mahali alipokaa huko Unyanyembe, kuelekea kusini kwa njia ndefu ya kuzunguka, akiwa na msafara mdogo mwepesi, na sehemu kubwa ya mali yake akaiacha ndani ya tembe chini ya ulinzi. Na kwa wepesi huo akamfikia David Livingstone, msafiri aliyekuwa akimtafuta, huko Ujiji mwezi Novemba. Yale aliyoyaacha hayakuwa takataka. Mwezi Februari 1872 alirudi Kwihara pamoja na Livingstone, akaikuta akiba yake, na vitu vilevile ambavyo vingeuchelewesha mwendo wake vikamfaa mzee yule wakati wa kuagana. Nalikariri jambo hili kwa sababu watu wengi, wasikiapo habari ya kupunguza, hudhani ni kutupa, ilhali watu wa njia ya Tabora walijua siku zote kwamba baina ya kubeba na kutupa ipo ghala.

Lakini katika mambo yote ya misafara, lililonifunza zaidi ni dogo kuliko hayo. Mbele ya msafara alitangulia kirongozi, amevaa mavazi ya kuvutia macho, na bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja ikipepea. Nyuma yake ulifuata mkufu wa watu ambao, kwa urefu wa njia na uchovu wa mizigo, wa mwisho waliweza kuwa mbali kabisa na upeo wa macho ya wa kwanza. Sasa kirongozi afikapo njia panda, alilaza tawi juu ya njia isiyofuatwa, au alichora mstari mchangani kwa unyayo wake kuikata, kisha akapita zake. Mpagazi wa mwisho, ajapo peke yake jua la saa sita, hakuwa na haja ya kuuliza. Na penye njia moja tu, hata iwe ya mwendo wa siku nzima, kirongozi hakuweka tawi lolote, kwa kuwa tawi linalosema lile ambalo njia yenyewe imekwisha kulisema humfunza msafiri kutoyatazama matawi.

Kwa mizani hiyo nilianza kuyapima mambo mengine ya tarihi ya maandishi, na nikaona kwamba mababu wa mstari wangu wa chini walikuwa wengi. Katika vitabu vya mkono vya Kiarabu, vilivyosafiri pwani yetu karne nyingi kabla ya kuja mashine ya kupiga chapa, mnakili aliandika chini kabisa ya ukurasa, penye pembe, neno moja dogo: nalo ni lile neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Msomaji wa kawaida hulipita asilione. Ila fundi wa kujalidi aliyeangukiwa na karatasi zisizo na nambari, zikachanganyika sakafuni, aliweza kuzipanga upya kwa msaada wa neno hilo peke yake. Ni tawi la njia panda lenyewe. Kinyume chake ni ile hashia iliyojaa, ambapo mwanachuoni mmoja aliandika sherehe pambizoni, na mwingine akaisherehesha sherehe, mpaka matini ya asili ikabaki kama kisiwa kidogo kilichozungukwa na bahari ya maoni. Elimu kubwa imo humo, nami siidharau, lakini ni kurasa za kusomwa na mtu ambaye matini amekwisha kuihifadhi moyoni.

Na ukurasa uliosongwa kuliko zote nizijuazo unaihusu nchi yetu hii kwa karibu sana. Mwaka 1871, Livingstone akiwa Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, aliishiwa karatasi na wino. Akachukua gazeti kuukuu la London, The Standard la mwezi Novemba 1869, akaandika shajara yake juu ya chapa ya gazeti hilo, mwandiko ukiikata mistari iliyochapwa, kwa wino alioupata kutokana na mmea wa huko huko. Katika kurasa hizo aliandika mambo aliyoyaona kwa macho yake mwezi Julai katika soko la Nyangwe, watu wa wafanyabiashara walipowafyatulia bunduki raia waliokuja kuuza na kununua, wakaua mamia, wengi wao wanawake. Miaka ilipopita wino ule wa mmea ukafifia, na chapa ya gazeti ikabaki nyeusi vilevile, hata ukurasa ulipotazamwa kwa macho ulionyesha habari za London ambazo hazina tena mtu wa kuzitaka, na ushahidi wa Nyangwe umezama chini yake. Baada ya miaka 140 hivi, wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki walizipiga picha kurasa zile kwa mianga ya namna nyingi, mingine isiyoonekana na jicho la mwanadamu, na kwa kuwa wino na chapa havipokei mwanga kwa namna moja, wakaweza kuififisha chapa na kuuinua mwandiko. Sijapata kuona hoja yenye nguvu kuliko hiyo juu ya hatari ya kuandika mahali palipojaa. Daftari kubwa alilonakili Livingstone kwa hati safi, lijulikanalo hata leo kwa jina la Unyanyembe, alilifunga kwa lakiri na kumkabidhi Stanley walipoachana mwezi Machi 1872. Nalo lilifika Uingereza likisomeka, maana lilikuwa na karatasi yake lenyewe.

Taipureta ilipoenea katika maboma na mashule, ilikuja na ishara moja tu, ambayo nailetea heshima zote: kengele. Herufi chache kabla ya mstari kufika ukingo wa kulia, kengele ililia mara moja, mchapaji akajua kwamba neno linalofuata huenda lisitoshe, akavuta mtambo kuanza mstari mpya. Wakati mwingine wowote mashine ilinyamaza. Sehemu mbili za tendo lile la kuanza mstari mpya, kurudisha mtambo mwanzo wa mstari na kusogeza karatasi juu, zilirithiwa na kompyuta kama alama mbili tofauti, na watengenezaji wa mifumo wakahitilafiana: wengine wakazitumia zote mbili, wengine moja. Kile kitu cha saba katika soko langu la vitu 13, namna mistari inavyomalizika, ni mabaki ya hitilafu hiyo, na kumbe nilikuwa nikikitazama kila siku pasipo kujua kwamba ni mifupa ya taipureta.

Sasa nafika kwa kompyuta zenyewe. Mwaka 1969 Ken Thompson, wa maabara ya Bell huko Marekani, alitunga programu ya kuhariri iitwayo ed, ambayo ilizungumza na mtumiaji kupitia mashine ya kuchapa karatasini. Haikuwa na mstari wa hali, na hata mtu alipokosea, ilimjibu kwa alama moja ya kuuliza, bila kusema kosa ni lipi. Wapo wausifuo ukimya huo. Mimi nauona umepita kiasi, kwa kuwa kirongozi aonapo njia panda na asilaze tawi hakuwarahisishia safari wenziwe.

Mwaka 1976 Bill Joy, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley, alianza kuitunga ile ambayo baadaye iliitwa vi. Alifanya kazi akiwa nyumbani, kwa modemu iliyopitisha herufi zipatazo 30 kwa sekunde moja, na kioo chake kilikuwa na mistari 24 ya herufi 80. Piga hesabu, msomaji: kukijaza kioo hicho kizima ni herufi 1,920, kwa hiyo ni sekunde 64, na kuuandika upya mstari mmoja tu wa chini ni karibu sekunde 3. Nani angethubutu kuweka saa katika mstari huo, saa ambayo ingebadilika na kuomba kuchorwa tena ilhali mwandishi anangoja herufi zake? Mstari wa chini wa vi ulikaa mtupu. Ulijazwa amri zilipoandikwa, au kosa lilipotokea, au mwenyewe alipouliza kwa kubonyeza vitufe viwili pamoja, Ctrl na G. Hapo ndipo ulipomwambia jina la faili na mstari aliopo, kisha mambo yakaendelea. Kwa ibara nyingine, habari zile zilikuwa ghalani Kwihara, na funguo ziko mkononi mwa mwenye mali.

Fakiri huwa na nidhamu kwa lazima, na njia zilipokuwa pana nidhamu ikalegea. Mwaka huohuo wa 1976, huko MIT, Richard Stallman na wenziwe walianza Emacs, ambayo ilikuwa na mstari wake wa kudumu chini. Na kadiri watu walivyobuni nyongeza za kuongeza uwezo wake, kila nyongeza ilitia neno lake katika mstari huo ili ijulikane kwamba ipo, hata mwaka 1998 Will Mengarini akatoa programu ndogo ambayo kazi yake yote ilikuwa kuyafupisha au kuyaficha maneno hayo. Miaka ya 2010 zikaja Powerline, na airline ya mwaka 2013, zenye kuugawa mstari wa chini wa Vim kwa vipande vya rangi vilivyochongwa kama mishale, vikipendeza kama kitenge. Uzuri wake siukatai. Ila humo hakuna aliyekusudia kumsumbua mwandishi: kila mtunzi wa nyongeza aliona nafasi moja ndogo iko wazi, akaomba herufi 5 tu, naye akapewa, na tajiri wa msafara anayeongeza sufuria moja juu ya mtumba husema maneno hayohayo.

Hiyo Vim niitumiayo ilitungwa na Mholanzi, Bram Moolenaar, ambaye aliitoa kwa umma mwaka 1991, ikiwa kwanza mwigo wa vi kwa ajili ya kompyuta za Amiga, kisha ikaboreshwa hata jina lake likafasiriwa kuwa vi iliyoboreshwa. Yeye aliilinda sehemu ya adabu ya kale: programu yake isipoguswa, mstari wa hali hauonekani iwapo dirisha ni moja, huonekana madirisha yawapo mawili au zaidi, yaani pale ambapo mtu aweza kweli kukosa kujua yuko katika lipi. Na mwenye kutaka kuupanga mwenyewe alipewa njia ya kuutunga kwa alama fupi fupi, mathalani %t kwa jina la faili, %l kwa nambari ya mstari, na %m, ambayo ndiyo niipendayo kuliko zote, kwa kuwa faili ikiwa haikubadilishwa tangu ilipohifadhiwa, %m haiandiki kitu chochote, na ikiwa imebadilishwa, huweka alama ya kujumlisha ndani ya mabano.

Kwa hiyo nilifungua faili la mipangilio, nikauandika mstari wangu upya. Nyongeza za mapambo niliziondoa zote. Usimbaji wa herufi niliufuta bila kusita, kwa sababu Kiswahili cha herufi za Kirumi hakina herufi hata moja iliyovikwa alama juu wala chini, na njia yangu hapo ni moja. Lau ningekuwa naandika kwa hati ya Kiarabu kama walivyoandika wale waandishi wa barazani, ningeubakisha. Njia ndefu ya faili tangu mzizi niliifupisha ikawa jina tupu. Saa niliiondoa, maana Ntalikwa saa huonekana juani na husikika katika adhana. Idadi ya maneno nimeiacha ghalani: niitakapo, nabonyeza g kisha Ctrl na G, nami huitaka mara moja tu, jioni. Asilimia imekwenda na safu imekwenda.

Juu ya betri nilishauriana na yule kijana, ambaye nilichelea angehuzunika kuona mapambo yake yakiteremshwa, lakini ambaye alicheka, akaketi nami, akafurahia kazi ya kubomoa kama alivyofurahia ile ya kujenga. Umeme wetu wakati mwingine hukatika, na mtu asiyejua kiasi kilichobaki aweza kupoteza kazi ya asubuhi nzima. Hivyo akaniandikia amri fupi, na sasa betri haitajwi kabisa mpaka ishuke chini ya sehemu 20 katika mia, ndipo neno moja, «umeme», lijitokeze upande wa kulia. Huko ni kulaza tawi mahali pake hasa.

Zaidi ya jina tupu la faili, kitu cha kudumu nilichokibakisha ni hali ya programu, na sababu yaieleza vi yenyewe. Katika programu za ukoo huu, kitufe kimoja kina maana mbili: ukiwa katika hali ya kuandika, herufi d ni herufi d, ukiwa katika hali ya amri, d mbili zikifuatana hufuta mstari mzima. Hapana njia panda iliyo dhahiri kuliko hiyo. Nimeyatia maneno ya Kiswahili, «andika» na «amri», badala ya yale ya Kiingereza, na tangazo jingine la hali ambalo programu hulirudia chini kabisa nimelizima, ili jambo moja lisisemwe mara mbili. Maneno yetu hurefuka kwa viambishi, nalo ni jambo lililowakabili wote waliopata kutafsiri programu, tangu Jambo OpenOffice ya mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004: ile nafasi iliyokatwa kwa kipimo cha neno fupi la Kiingereza haimtoshi mwenziwe wa Kiswahili, isipokuwa majirani wapungue. Mstari wangu ulipopungua majirani, maneno yetu yalikaa kwa raha.

Jambo la mwisho lanirudisha kwenye njia za misafara. Kutoka Tabora ilikuwapo njia nyingine, ya kaskazini, iliyopita Karagwe na kuvuka Mto Kagera hadi Buddu na Buganda; Speke na mwenziwe Grant, waliotoka Kaze mwaka 1861, waliifuata, na Speke akafika kwa Kabaka Mutesa mwezi Februari 1862. Katika pande hizo hizo za kusini mwa Uganda, katika Wilaya ya Rakai ipakanayo na Tanzania, upo mji mdogo wa Kibaale. Nchi ile ilipigwa na UKIMWI miaka ya 1980 kuliko sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, ikaachwa na mayatima wasio na idadi. Na mwaka 1994 Bram Moolenaar alikwenda huko, akafanya kazi ya kujitolea katika kituo cha watoto, akishughulika na maji na usafi. Aliporudi kwao alianzisha mfuko wa ICCF Holland kwa ajili ya watoto hao, na programu yake akaifanya ya sadaka: mtu aitumie na kuinakili atakavyo bila malipo, na aliye na uwezo aombwe kuwasaidia watoto wa Uganda. Aliidumisha hivyo mpaka alipofariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na miaka 62.

Ombi hilo Moolenaar hakulitia katika mstari wa chini, ingawa mstari ulikuwa wake na hakuna ambaye angemzuia. Alilitia katikati ya kioo kitupu, pale mtu afunguapo programu pasipo faili, kabla hajaandika neno. Na herufi ya kwanza ikibonyezwa, hutoweka, wala halionekani tena mpaka programu ifunguliwe upya pasipo faili. Asiyetaka kuliona kabisa hutia herufi moja, I kubwa, katika faili lake la mipangilio. Siku ile nilipokuwa nikifuta, kijana yule alinionyesha mahali pa kuiweka, nami sikuiweka.